Tumbo la Mgonjwa wa UVIKO-19 Anapotumia Dawa za Kushusha Kinga

Deksamethasoni, tosilizumabu na barisitinibu ni dawa tatu zilizobadili matibabu ya UVIKO-19 kali. Kila moja ina njia yake, lakini kazi yao ni moja: kushusha kinga ya mwili. Mgonjwa anayefikia hatua ya kuwekewa oksijeni, mara nyingi baada ya wiki moja hivi ya kuugua, hasumbuliwi tena na kirusi peke yake. Kinga yake mwenyewe imepanda kupita kiasi na inayaunguza mapafu yale yale iliyopaswa kuyalinda. Ikishushwa, mapafu hupata nafuu. Shida ni kwamba kinga ni moja kwa mwili mzima. Inaposhushwa kwa ajili ya kifua hushuka na tumboni, na tumboni ndiko waliko bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, wakizuiwa na ukuta mwembamba tu.

Faida ya dawa hizi haina ubishi. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la RECOVERY, ambamo wagonjwa walipewa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliofariki ni asilimia 29.3 ya waliopewa dawa na asilimia 41.4 ya wasiopewa. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, ilikuwa 23.3 kwa 26.2. Kwa hiyo mgonjwa anayepigania pumzi asinyimwe dawa kwa kuogopea tumbo lake. Habari ni tofauti kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni: hao hawakupata faida, na waliokufa walikuwa asilimia 17.8 ya waliopewa kwa 14.0 ya wasiopewa. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, ila inatosha kuonyesha kwamba hawakuwa na sababu ya kuitumia. Mtu aliye nyumbani na homa na kikohozi, anapumua vizuri, akinunua deksamethasoni kwenye duka la dawa anajitwisha madhara yote yatakayoelezwa hapa bila kupata chochote kwa upande wa pili.

Tosilizumabu hutolewa kwa dripu, kwa kawaida mara moja, pengine ikarudiwa. Huzuia interlukini-6, mojawapo ya kemikali ambazo mwili hutumia kupiga mbiu ya hatari. Barisitinibu ni kidonge, miligramu 4 kwa siku hadi siku 14, na kipimo hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za kuzuia interlukini-6 mwezi Julai 2021 na barisitinibu Januari 2022, zote kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkali au walio mahututi na zote juu ya deksamethasoni, si badala yake. Bei ya tosilizumabu imeifanya iwe adimu katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inaihusu deksamethasoni.

Kabla ya kuilaumu dawa, ni vizuri kujua kwamba kirusi chenyewe huingia tumboni. Chembe za ukuta wa utumbo zina vishikizo vile vile ambavyo kirusi hutumia kuingilia kwenye mapafu, ndiyo maana wagonjwa wengi huharisha, husikia kichefuchefu au hupoteza hamu ya chakula hata kabla ya kufika hospitali. Antibayotiki nazo huleta kuhara. Swali la kwanza kwa kila dalili ya tumbo, basi, ni lini: ilianza kabla ya dawa ya kushusha kinga au baada yake? Mgonjwa aliyeharisha tangu siku ya pili ya ugonjwa na sasa anapata nafuu hana la kutisha. Ambaye tumbo lake lilikuwa tulivu, likaanza kuuma siku ya nane ya matibabu huku kifua kikipona, anahitaji daktari wa kumpima tumbo siku hiyo hiyo.

Madhara madogo ni mengi na hayahitaji maneno mengi. Deksamethasoni huleta kiungulia, tumbo kujaa gesi na njaa ya ghafla. Huleta pia kwikwi, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaume, huendelea kwa saa nyingi na kuwanyima usingizi. Kidonge hutolewa asubuhi pamoja na chakula, kwa sababu kikimezwa jioni humnyima mgonjwa usingizi. Mgonjwa akitapika kila anapomeza, muuguzi aambiwe ili ampe dawa kwa sindano. Kumrudishia kidonge kwa kukisia ni kosa. Anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari ya ORS, na madini ya potasiamu yapimwe inapowezekana, maana kuhara na deksamethasoni kwa pamoja huyapunguza, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Damu ni jambo jingine. Ukuta wa tumbo hujilinda na asidi yake kwa ute, na dawa za jamii ya deksamethasoni hudhoofisha ulinzi huo na kuchelewesha vidonda kupona. Kwa mtu anayetembea, asiye na ugonjwa mwingine, hatari ya kutoka damu kwa dawa hii peke yake ni ndogo. Kwa mgonjwa mahututi hesabu hubadilika. Kukaa kwenye mashine ya kupumulia kwa zaidi ya saa 48 kunatosha kuleta vidonda vya tumbo, na heparini anayopewa ili damu isigande kwenye mapafu hufanya kidonda kidogo kitoe damu nyingi. Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya dawa za jamii ya deksamethasoni na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Uchunguzi uliofanywa kwa wazee wa Tennessee, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991 ulikuta kwamba wanaotumia jamii hizo mbili pamoja walikuwa na hatari ya vidonda vya tumbo takriban mara 15 ya wasiotumia hata moja. Afrika Mashariki diklofenaki hununuliwa kama peremende. Mgonjwa hulazwa akiwa ameimeza siku tano kwa ajili ya maumivu ya mwili, naye hamwambii mtu kwa sababu haihesabu kuwa dawa. Anayemuuguza aitaje hata asipoulizwa, na akiweza alete pakiti yenyewe. Maumivu na homa za mgonjwa huyu hutulizwa kwa parasetamoli, kwa kipimo alichoandika daktari.

Dalili za damu huonekana kwanza na yule anayebeba chombo cha kujisaidia, ambaye mara nyingi ni mama, mke au binti wa mgonjwa. Choo chenye damu iliyotoka tumboni juu huwa cheusi kama lami, kinanata, kinang'aa na kina harufu kali isiyosahaulika. Mililita 50 hadi 100 za damu zinatosha kukigeuza hivyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini hicho huwa na rangi ya kijani iliyokolea, hakinati wala hakinuki vile. Choo hicho kisimwagwe kabla muuguzi hajakiona. Matapishi yenye chembe za kahawia kama machicha ya kahawa yana maana hiyo hiyo, na kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, chembe hizo huonekana kwenye bomba la sindano mpira unapovutwa kabla ya kulisha. Kizunguzungu, viganja vilivyopauka na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio huweza kutangulia hata choo cheusi. Omeprazoli, au dawa nyingine ya kupunguza asidi, hupewa walio katika hatari: walio kwenye mashine, waliowahi kuwa na vidonda vya tumbo, wazee, na wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Haina sababu ya kupewa kila mtu, kwa kuwa asidi ikipungua bakteria hupata nafasi ya kuzaana, na mmoja wao, klostridiamu difisili, huleta kuhara kukali baada ya antibayotiki. Kuhara kwa namna hiyo, kwa maji mengi na homa au damu, kusizuiwe kwa dawa za kufunga tumbo kabla daktari hajajua chanzo.

Hatari kubwa kuliko zote ni kutoboka kwa utumbo. Hutokea mara chache kwa dawa zote tatu. Tosilizumabu ilijulikana kwa jambo hili miaka mingi kabla ya korona, ilipokuwa ikitumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na wengi waliopatwa walikuwa na vifuko vidogo vilivyovimba kwenye ukuta wa utumbo mpana. Barisitinibu ina onyo la namna hiyo hiyo. Mgonjwa aliyewahi kuwa na vifuko hivyo, vidonda vya tumbo au upasuaji wa utumbo wa karibuni, na anayeshukiwa kuwa na homa ya matumbo, ambayo yenyewe hutoboa utumbo, ajulikane kabla dawa haijaanza.

Kinachofanya hatari hii iue ni ukimya wake. Utumbo wa mtu mwingine ukitoboka, tumbo hukakamaa kama ubao, homa hupanda, na mgonjwa hulala bila kujigeuza kwa sababu kila mtikisiko ni kisu. Dalili zote hizo ni kazi ya kinga, na kinga imeshushwa. Mgonjwa wa deksamethasoni huweza kuwa na utumbo uliotoboka, na mkono wa daktari ukakuta tumbo laini. Mgonjwa husema tu kwamba hajisikii vizuri. Homa haipandi. Chembe nyeupe za damu hazisaidii kuamua, maana deksamethasoni huzipandisha hata pasipo maambukizi. Kipimo cha CRP, kinachotegemewa na wengi kufuatilia uvimbe mwilini, hushushwa na tosilizumabu hata kama maambukizi yanaendelea. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi kwenye mashine hawezi kulalamika kabisa, na aliyelazwa kifudifudi ili apumue vizuri, tumbo lake limefichwa chini yake. Saa ya kumgeuza ndiyo saa ya kulipapasa.

Kwa hiyo, kwa mgonjwa huyu, maumivu madogo yapewe uzito wa maumivu makubwa. Kila asubuhi anayemhudumia aulize au aangalie mambo yale yale, ili leo ilinganishwe na jana: kama tumbo limejaa zaidi, kama amejamba na amepata choo, kama kuna maumivu mapya hata kidogo, kama yanapanda hadi begani. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 85 jana na leo ni 120, bila homa na bila kifua kuwa kibaya zaidi, yanatosha kumwita daktari. Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine ya gharama. Eksirei ya kifua iliyopigwa mgonjwa akiwa ameketi wima huonyesha, pale utumbo ulipotoboka, utepe mweusi wa hewa kati ya kiwambo na ini, mahali ambapo hewa haina kazi. Eksirei isiyoonyesha kitu haiondoi shaka. Palipo na mashine ya CT ndiyo inayoamua, na pasipokuwa nayo daktari wa upasuaji aitwe mapema, kabla shinikizo la damu halijaanguka.

Maumivu ya tumbo pamoja na kutapika yana chanzo kingine kinachosahaulika kirahisi: sukari. Deksamethasoni hupandisha sukari ya damu, wakati mwingine kwa mtu ambaye hakujua kuwa ana kisukari, na ikipanda hadi damu kuwa na asidi, mgonjwa hutapika, tumbo humuuma na pumzi huwa ndefu na nzito. Katika wodi ya korona pumzi hiyo hudhaniwa kuwa ya mapafu. Tone moja la damu kutoka kidoleni hujibu swali kwa dakika moja, na linapaswa kupimwa kila siku, si tumbo linapouma tu.

Mdomoni, kinga ikishuka, fangasi huota. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu, unaotoka ukikwanguliwa na kuacha wekundu, hutibiwa kwa matone ya nistatini. Mgonjwa akisema chakula kinamchoma kinaposhuka kifuani, huenda fangasi wameingia kwenye umio, na hao huhitaji flukonazoli.

Kwa watu wa nchi za joto liko jambo ambalo vitabu vya Ulaya huligusa kwa mbali. Strongiloidi ni mnyoo mdogo anayeingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Inakadiriwa kuwa mamia ya mamilioni ya watu duniani wanaye. Tofauti na minyoo mingine, huyu huweza kuzaliana ndani ya mtu yule yule bila kutoka nje, na hivyo hukaa miongo mingi kimya. Askari waliokuwa wafungwa wa vita kwenye reli ya Burma na Thailand, katika Vita Kuu ya Pili, walikutwa naye miaka zaidi ya 30 baada ya kurudi makwao. Kinga ndiyo inayoibana idadi yake. Deksamethasoni ikiingia, kizuizi huondoka: mabuu huongezeka, hutoboa ukuta wa utumbo kwa maelfu, husambaa hadi kwenye mapafu na hata ubongo, na njiani hubeba bakteria wa utumboni kuingia kwenye damu. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha au utumbo husimama, hukohoa upya, kisha hupata sumu ya damu au homa ya uti wa mgongo. Bila tiba ya haraka wengi hufa, na kifo huandikwa kuwa cha korona.

Kuzuia hali hiyo ni rahisi mno kulinganisha na uzito wake. Ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku moja au mbili, huua mnyoo huyu, na wataalamu wa magonjwa ya kitropiki walipendekeza watu waliokulia katika maeneo yake wapewe wanapoanza dawa za kushusha kinga, bila kusubiri vipimo. Choo cha kawaida kwenye hadubini humkosa mara nyingi, na albendazoli, inayotolewa kwa minyoo mingi, humpunguza bila uhakika. Hapa mambo mawili yasichanganywe. Ivermektini hutolewa kwa ajili ya mnyoo. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba inatibu UVIKO-19. Na katika misitu ya Afrika ya Kati, ikiwemo sehemu za Kongo, wako watu wenye filaria wa loa loa, yule mnyoo aonekanaye akipita kwenye jicho. Wakiwa nao wengi katika damu, ivermektini huweza kuwadhuru ubongo. Aliyetoka huko apimwe damu kwanza.

Ini nalo hutazamwa. Tosilizumabu haianzishwi kwa mgonjwa ambaye vimeng'enya vya ini vyake vimepita mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida. Homa ya ini aina ya B, ambayo wengi Afrika wanayo bila kujua, huweza kuamka kinga inaposhuka. Kwa siku 10 za deksamethasoni hatari si kubwa, na matokeo ya kipimo yasisubiriwe pumzi inapokata. Hata hivyo damu ichukuliwe, kwa sababu kirusi hicho huweza kuamka wiki au miezi baadaye, wakati mgonjwa amekwisha rudi shambani kwake na hakuna anayehusisha macho ya njano na dripu ya wodini.

Kozi ya siku 10 huisha bila kupunguzwa kidogo kidogo, na mgonjwa akiruhusiwa kabla ya hapo kwa kuwa hahitaji tena oksijeni, huachishwa siku hiyo. Matatizo humpata anayeendelea kununua vidonge nyumbani kwa sababu vilimpa nguvu na hamu ya kula. Baada ya wiki tatu au zaidi tezi zake hulala, haziwezi tena kutengeneza homoni ambayo dawa ilichukua nafasi yake, na akiacha ghafla hulegea, hutapika, tumbo humuuma na shinikizo la damu hushuka. Huyo asiachishwe kwa ukali. Arudi hospitali apunguziwe kwa ratiba.

Kadi ya kuruhusiwa iandikwe jina la dawa ya kushusha kinga, kipimo chake na tarehe ya mwisho kutolewa, na mgonjwa aibebe popote anapokwenda kutibiwa. Tosilizumabu hubaki kazini kwa wiki kadhaa baada ya dripu moja, na daktari wa upasuaji atakayelishika tumbo laini usiku wa manane hana njia nyingine ya kujua kwamba ulaini huo hauaminiki.